Bernard Herrmann

Bernard Herrmann (New York, 29 Juni 1911 – Los Angeles, 24 Desemba 1975) alikuwa mtunzi wa muziki na kiongozi wa okestra kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa muziki aliotunga kwa ajili ya filamu, zikiwemo Citizen Kane (1941), Vertigo (1958), Psycho (1960) na Taxi Driver (1976). Hata watu wasiolijua jina lake huenda wameisikia kazi yake moja: fidla zinazolia kwa ukali, tena na tena, pale mwanamke anaposhambuliwa kwa kisu bafuni katika filamu ya Psycho.

Mwenyewe hakupenda kuitwa mtunzi wa filamu. Alijihesabu kuwa mtunzi kamili, mwenye simfonia na opera, ambaye filamu zilikuwa sehemu moja tu ya kazi yake. Lakini opera aliyoipenda kuliko kazi zake zote haikuonyeshwa jukwaani hata mara moja katika uhai wake, na muziki wa filamu ndio uliolifikisha jina lake mbali.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Urusi, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Max Herman. Baba yake alipenda muziki, akampeleka mwanawe kwenye opera na kumtaka ajifunze fidla. Mtoto hakuwa mpigaji hodari wa fidla. Kilichomvuta zaidi ni kutunga, na akiwa na umri wa miaka 13 alishinda zawadi kwa wimbo alioutunga. Katika ujana wake alikisoma kwa bidii kitabu cha Mfaransa Hector Berlioz kuhusu matumizi ya vyombo vya okestra, na athari ya kitabu hicho ilibaki kwake maisha yote: kwa Herrmann, swali la kwanza halikuwa wimbo uende vipi, bali ni chombo gani kiupige.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha New York, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Percy Grainger, na pia katika shule ya muziki ya Juilliard. Alipokuwa na umri wa miaka 20 hivi tayari alikuwa ameunda okestra yake ndogo, akiitumia kupiga kazi za watunzi ambao kumbi kubwa hazikuwajali. Mmoja wao alikuwa Charles Ives, Mmarekani aliyekuwa akiishi kwa biashara ya bima huku muziki wake ukikaa kabatini. Herrmann alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kumtetea, na hakuchoka kuupiga muziki wake kwa miaka mingi iliyofuata.

Redioni

Mwaka 1934 aliajiriwa na shirika la redio la CBS mjini New York. Wakati huo redio ndiyo iliyokuwa burudani kuu ya nyumbani nchini Marekani, na mashirika makubwa yalikuwa na okestra zao wenyewe. Herrmann aliongoza matangazo ya muziki na kutunga muziki wa michezo ya kuigiza, na katika miaka ya 1940 akawa kiongozi mkuu wa okestra ya shirika hilo.

Kazi hiyo ilimfunza mambo ambayo hakuyapata darasani. Mchezo wa redio hauna picha, hivyo kuonyesha kwamba usiku umeingia, kwamba mtu anasema uongo au kwamba hatari inakaribia mara nyingi huachiwa muziki. Tena nafasi ni finyu: sekunde tano kati ya maneno na maneno, sekunde kumi kabla ya onyesho jingine. Wimbo mrefu hauwezi kuingia humo. Herrmann akajifunza kutumia vipande vidogo vya noti mbili, tatu au nne, akivirudia na kuvibadilisha rangi kwa kuvihamisha kutoka chombo hadi chombo. Klarineti mbili zikipiga chini kabisa, peke yake, zinaweza kubadilisha hali ya chumba kabla mtu hajatamka neno.

Huko redioni alikutana na Orson Welles, kijana mwenye kipaji na kiburi kama yeye. Walifanya kazi pamoja, wakagombana, wakapatana. Herrmann ndiye aliyeongoza muziki katika tangazo maarufu la tarehe 30 Oktoba 1938, pale Welles na wenzake walipoigiza hadithi ya uvamizi kutoka sayari ya Mirihi kwa mtindo wa taarifa ya habari. Muziki wa dansi ulikuwa ukipigwa kana kwamba unatoka hotelini, halafu unakatizwa na habari za kutisha. Baadhi ya wasikilizaji waliamini kuwa uvamizi ni wa kweli.

Mwaka 1939 alimwoa Lucille Fletcher, mwandishi wa michezo ya redio. Walipata mabinti wawili, na ndoa yao ilivunjika mwaka 1948.

Citizen Kane

Welles alipoitwa Hollywood kutengeneza filamu yake ya kwanza, alimchukua Herrmann. Ili kuelewa alicholeta ni lazima kujua alichokikuta. Tangu filamu zilipoanza kuwa na sauti, studio zilikuwa zimejenga desturi yao ya muziki, na mabingwa wake walikuwa watu kama Max Steiner, aliyetunga muziki wa King Kong (1933), na Erich Wolfgang Korngold. Wote wawili walitoka Vienna, na muziki wao ulikuwa mkubwa, wenye nyimbo ndefu na fidla nyingi, ukiifuata picha karibu kila hatua. Kwa kawaida mtunzi aliandika muhtasari tu, kisha mafundi wengine wakaupangia vyombo, kwa sababu muda ulikuwa mfupi.

Herrmann alikataa desturi hiyo tangu siku ya kwanza. Alipanga vyombo vyote mwenyewe, kwa hoja kwamba rangi ya sauti ni sehemu ya mtunzi kama noti zilivyo. Pia alipewa takriban wiki 12 za kutunga, muda ambao watunzi wengi wa Hollywood hawakuupata, na baadhi ya maonyesho yalikatwa na kuunganishwa kwa kuufuata muziki wake badala ya muziki kuifuata picha.

Filamu inaanza usiku, mbele ya jumba la tajiri Kane anayekufa. Muziki uko chini sana, wa vyombo vya kupuliza vyenye sauti nzito. Humo kuna viini viwili vifupi: kimoja ni cha mamlaka ya Kane, kingine ni cha utoto wake uliopotea. Neno la mwisho la Kane ni fumbo ambalo wahusika wote wanalitafuta hadi mwisho bila kulipata. Muziki unalijua jibu tangu dakika za mwanzo, na mwishoni kile kiini cha pili kinarudi kwa nguvu ya okestra nzima, wakati mtazamaji anapokiona kitu ambacho hakuna mhusika atakayekiona tena.

Sehemu nyingine inayofundishwa mpaka leo ni ile ya Kane na mke wake wa kwanza mezani asubuhi. Miaka ya ndoa inapita kwa dakika chache. Mwanzoni wanapiga soga kwa furaha na okestra inapiga walsi nyepesi. Kila mwaka unaopita walsi ileile inageuzwa kidogo: inakuwa ya haraka, kisha kali, kisha baridi, mpaka wawili hao wanasoma magazeti bila kusemezana. Maneno ni machache mno. Anayetaka kujua muziki wa okestra unafanya nini ndani ya filamu aanzie hapo, kwa sababu ni wimbo mmoja tu, na kila mtu anaweza kusikia unavyokufa.

Kwa ajili ya mke wa pili wa Kane, mwimbaji asiye na uwezo anayelazimishwa na mumewe kuimba opera, Herrmann alitunga kipande cha opera ambayo haikuwahi kuwapo. Alikiandika juu sana na kukizungushia okestra nzito, ili sauti ya kawaida izame humo. Mtazamaji asiyejua lolote kuhusu opera anamwonea huruma mwanamke yule mara moja.

Kwa mwaka huohuo wa 1941 Herrmann alitunga pia muziki wa filamu The Devil and Daniel Webster. Filamu zote mbili ziliteuliwa kwa Tuzo ya Akademi ya muziki, na hii ya pili ikashinda, yaani alijishinda mwenyewe. Ndiyo Oscar pekee aliyoipata maishani.

Furaha haikudumu. Filamu iliyofuata ya Welles, The Magnificent Ambersons (1942), ilikatwakatwa na studio bila ridhaa ya mwongozaji, na sehemu kubwa ya muziki ikatupwa pamoja na picha. Herrmann alidai jina lake liondolewe kwenye filamu, na likaondolewa.

Kati ya Hollywood na opera

Baada ya hapo aliendelea na CBS huku akitunga filamu moja moja, hasa kwa studio ya 20th Century Fox: Jane Eyre (1943), Anna and the King of Siam (1946) na The Ghost and Mrs. Muir (1947). Hii ya mwisho inahusu mjane anayehamia nyumba ya pwani na kupendana na mzimu wa nahodha. Muziki wake una bahari na upweke, na Herrmann mwenyewe aliiona kuwa kazi yake bora ya filamu.

Miaka hiyohiyo alikuwa akiandika opera Wuthering Heights, kutokana na riwaya ya Mwingereza Emily Brontë. Maneno yaliandaliwa na Lucille Fletcher. Alianza mwaka 1943 na kumaliza mwaka 1951. Katikati ya kazi alisafiri hadi Yorkshire kuyaona kwa macho yake mbuga na upepo ambao Brontë aliuandika. Sehemu za muziki wa mjane na mzimu zimo pia ndani ya opera hiyo, kwa kuwa Herrmann hakuona ukuta kati ya kazi za aina mbili. Opera ni ndefu, na majumba ya opera yaliyovutiwa nayo yalitaka ipunguzwe. Hakukubali kupunguza, wala wao hawakukubali kuionyesha nzima.

Mwaka 1951 CBS ilivunja okestra yake na Herrmann akahamia California. Mwaka huo alitunga The Day the Earth Stood Still, hadithi ya mgeni kutoka anga za mbali. Aliacha okestra ya kawaida na kutumia theremini mbili, yaani vyombo vya umeme vinavyopigwa bila kuguswa, pamoja na vinanda, vinubi na vyombo vya shaba. Sauti ile ya kuyumba ikawa sauti ya anga za mbali katika filamu nyingi zilizofuata, mpaka ikageuka kuwa mzaha.

Filamu mbili za kipindi hicho zinahusu maeneo ya Afrika. The Snows of Kilimanjaro (1952), iliyoongozwa na Henry King na kuigizwa na Gregory Peck, Ava Gardner na Susan Hayward, ilitokana na hadithi fupi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936. Mwandishi aliyejeruhiwa mguu analala kambini karibu na mlima, kidonda kinaoza, naye anakumbuka wanawake aliowapenda na vitabu ambavyo hakuviandika. Msikilizaji wa Moshi au Marangu atakayetafuta ngoma za Wachaga humo atatoka mikono mitupu. Kinachokumbukwa zaidi katika muziki huo ni walsi ya polepole inayoambatana na kumbukumbu za mgonjwa, na mlima wenyewe unabaki nje ya dirisha la moyo wake. Mwaka 1953 ilifuata White Witch Doctor, iliyowekwa katika Kongo ya mwanzo wa karne ya 20, pamoja na Susan Hayward na Robert Mitchum. Filamu hiyo inaiona Afrika kwa jicho la Hollywood ya wakati wake na imezeeka vibaya, ingawa Herrmann aliipa ngoma na vyombo vya kugongwa kwa ustadi.

Miaka ya Hitchcock

Mwaka 1955 Herrmann alianza kufanya kazi na mwongozaji Mwingereza Alfred Hitchcock katika The Trouble with Harry. Ushirikiano wao ulidumu kwa miaka kumi hivi na unahesabiwa kati ya ile mikubwa zaidi ya mwongozaji na mtunzi katika historia ya filamu. Tabia zao zilitofautiana sana. Hitchcock alikuwa mtulivu, mpangaji, mtu asiyeonyesha kilicho moyoni. Herrmann alikuwa mtu wa hasira za ghafla, aliyewagombeza watayarishaji, wapigaji na hata marafiki, kisha akasahau. Pengine ndiyo sababu walifaana, kwani picha za Hitchcock ni baridi na muziki wa Herrmann unazitia damu.

Katika The Man Who Knew Too Much (1956) Herrmann anaonekana mwenyewe kwenye picha, akiongoza okestra ya London Symphony katika ukumbi wa Royal Albert Hall, huku muuaji akisubiri mlio wa matoazi ili afyatue risasi.

Vertigo (1958) inamhusu mpelelezi aliyestaafu, mwenye hofu ya kimo, anayempenda mwanamke ambaye si yule anayemdhania. Muziki unaanza na noti zinazopanda na kushuka kwa wakati mmoja bila kutua popote, kama mtu anayechungulia shimo. Kilele chake ni pale mwanamke anapotoka chumbani akiwa amevaa na kusuka nywele kama marehemu, kwa matakwa ya mwanamume. Kwa dakika kadhaa hakuna mazungumzo yoyote. Hitchcock aliuachia muziki nafasi yote, na okestra inajenga hamu ya mtu huyo pole pole, inakaribia kufika, inarudi nyuma, inapanda tena. Mtazamaji anajua kwamba jambo lile ni ugonjwa, na wakati huohuo anatamani lifanikiwe. Picha peke yake isingeweza kumfikisha mtu katika hali hiyo. Kwa sababu ya mgomo wa wanamuziki nchini Marekani, Herrmann hakuuongoza muziki huo mwenyewe. Ulirekodiwa Ulaya, London na Vienna, chini ya Muir Mathieson.

Mwaka uliofuata ilikuja North by Northwest, yenye muziki wa mbio na kicheko, na mwaka 1960 Psycho.

Psycho ilitengenezwa kwa gharama ndogo na kwa picha nyeusi na nyeupe. Herrmann aliamua kutumia vyombo vya nyuzi peke yake: fidla, viola, selo na besi kubwa, ili sauti nayo iwe ya rangi moja. Uamuzi huo ulikwenda kinyume cha mazoea, kwani nyuzi ndizo zilizotumika Hollywood kwa mapenzi na machozi. Yeye aliziondolea utamu. Wapigaji waliweka vibano vya kupunguza sauti kwenye nyuzi, hata pale muziki unapokwenda kwa nguvu, na matokeo yake ni sauti kavu na iliyobanwa, kama mtu anayezuia pumzi.

Mfano mzuri ni safari ya gari. Mwanamke aliyeiba fedha za mwajiri wake anaendesha gari usiku kwenye mvua. Ukizima sauti, unaona mtu anaendesha gari tu. Ukiiwasha, unajua kwamba ameingia katika njia isiyo na kurudi, ingawa hakuna tukio lolote la kutisha lililokwisha kutokea.

Hitchcock alikuwa ameagiza onyesho la bafuni lisiwe na muziki wowote, maji na mayowe vitoshe. Herrmann aliliandikia muziki hata hivyo. Inasimuliwa kwamba Hitchcock alikuwa amekata tamaa na filamu yake hata akafikiria kuipunguza na kuitoa kwenye televisheni, lakini aliposikia onyesho hilo likiwa na muziki alibadili mawazo yake papo hapo. Humo vile vibano vinaondolewa, na fidla zinapiga noti za juu kabisa kwa ghafla, kisha nyuzi nyingine zinaongezeka chini yake, moja baada ya nyingine, zikigongana. Baadaye mwili unapoanguka zinabaki selo na besi tu. Onyesho lenyewe halionyeshi jeraha waziwazi kama watu wengi wanavyokumbuka, na sehemu kubwa ya kile wanachodhani walikiona waliingiziwa kwa masikio.

Katika The Birds (1963) wawili hao walikwenda upande wa pili kabisa: filamu haina muziki wa okestra. Herrmann alisimamia milio ya ndege iliyotengenezwa kwa chombo cha umeme na Oskar Sala huko Berlin. Mwaka 1964 ilifuata Marnie, ya mwisho waliyoikamilisha pamoja.

Hakuna hata moja ya filamu alizomtungia Hitchcock iliyomletea Herrmann uteuzi wa Oscar. Wapiga kura wa wakati ule walipita bila kusimama mbele ya Vertigo na Psycho.

Nje ya kazi za Hitchcock, miaka hiyo alitunga pia filamu za maajabu zilizotumia vikaragosi vya Ray Harryhausen, kama The 7th Voyage of Sinbad (1958) na Jason and the Argonauts (1963), na vilevile muziki wa mwanzo wa vipindi vya kwanza vya The Twilight Zone katika televisheni.

Kuvunjika kwa urafiki

Kufikia katikati ya miaka ya 1960 studio zilitaka kitu kingine. Wimbo wa Henry Mancini katika Breakfast at Tiffany's (1961) ulikuwa umeonyesha kwamba wimbo mmoja mwepesi unaweza kuuza sahani za santuri na tiketi kwa pamoja, na kila mtayarishaji alitamani wa kwake. Marnie haikufanya vizuri, na baadhi ya watu wa studio waliulaumu muziki wake kuwa wa kizamani.

Kwa filamu Torn Curtain (1966), yenye Paul Newman na Julie Andrews, Hitchcock alimtaka Herrmann atunge kitu chepesi, chenye mdundo wa vijana. Herrmann alikubali kazi, kisha akaandika alivyoona inafaa. Aliita filimbi 12, horni 16 na tromboni 9, pamoja na selo na besi, bila fidla hata moja. Kwa onyesho refu la kuuawa kwa mlinzi katika jiko la nyumba ya shambani, ambalo Hitchcock alitaka libaki kimya, aliandika tena muziki, kama alivyofanya katika Psycho.

Safari hii haikuwa kama ile. Mwezi Machi 1966 Hitchcock alifika studio wakati wa kurekodi, akasikiliza mwanzo, akasimamisha kazi mbele ya wapigaji. Muziki wote ulitupwa na filamu ikapewa mtunzi mwingine, John Addison. Hitchcock na Herrmann hawakufanya kazi pamoja tena. Ni vigumu kumpa mmoja haki yote: Hitchcock alikuwa amesema wazi anachotaka, na Herrmann alikuwa akifanya jambo lilelile lililoiokoa filamu ya mwenzake miaka sita kabla. Torn Curtain ilitoka na muziki mwepesi, na leo haihesabiwi kati ya kazi bora za mwongozaji huyo. Muziki uliotupwa ulirekodiwa baadaye na mtunzi Elmer Bernstein.

London na miaka ya mwisho

Ndoa yake ya pili, na Lucy Anderson, ilikuwa imekwisha mwaka 1964, na kazi Hollywood zikakauka. Mwaka 1965 alitunga Echoes, kazi ya fidla mbili, viola na selo, yenye huzuni nyingi. Mwaka 1966 alikwenda London kurekodi opera Wuthering Heights nzima kwa gharama zake mwenyewe, kwa kuwa hakuna jumba lililoitaka. Mwaka 1967 alimwoa Norma Shepherd, na hatimaye akahamia London moja kwa moja.

Walioanza kumtafuta sasa walikuwa vijana. Mfaransa François Truffaut, aliyekuwa mfuasi mkubwa wa Hitchcock, alimpa Fahrenheit 451 (1966) na The Bride Wore Black (1968). Mmarekani Brian De Palma alimwita kwa Sisters na baadaye Obsession. Kati ya kazi hizo Herrmann alirekodi santuri za muziki wake wa filamu akiongoza okestra za London, na kwa njia hiyo kazi ambazo zilikuwa zimezikwa ndani ya filamu za zamani zikasikika majumbani kwa mara ya kwanza.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa Taxi Driver ya Martin Scorsese, kuhusu dereva wa teksi mpweke wa New York, mji aliozaliwa Herrmann. Muziki wake una pande mbili: saksafoni ya jazi, tamu na iliyochoka, na chini yake vyombo vya shaba na ngoma vinavyovimba na kupungua kama mtu anayeshindwa kulala. Upande wa kwanza ni ndoto ya dereva, wa pili ni kile anachoelekea kukifanya. Mwishoni kabisa mna noti tatu zilizotoka katika Psycho.

Herrmann alikuwa mgonjwa wa moyo alipokwenda Los Angeles kuurekodi, na hakuweza kuongoza vipindi vyote mwenyewe. Kazi ilikamilika tarehe 23 Desemba 1975. Usiku ule alirudi hotelini na akafa usingizini kabla ya asubuhi ya tarehe 24, akiwa na umri wa miaka 64. Alizikwa katika jimbo la New York. Scorsese aliitoa filamu hiyo kwa heshima ya kumbukumbu yake.

Baada ya kifo

Filamu zake mbili za mwisho, Obsession na Taxi Driver, ziliteuliwa pamoja kwa Oscar, uteuzi wake wa kwanza tangu Anna and the King of Siam, miaka 30 kabla. Hakuna iliyoshinda, ila Taxi Driver ilipata tuzo ya BAFTA nchini Uingereza.

Scorsese alipoitengeneza upya Cape Fear mwaka 1991, hakutaka muziki mpya. Alimwomba Elmer Bernstein aupange tena ule ambao Herrmann aliutunga kwa filamu ya kwanza ya mwaka 1962, akiingizamo pia sehemu za Torn Curtain. Psycho nayo ilipotengenezwa upya mwaka 1998, muziki wa zamani ulibaki. Mluzi alioutunga kwa filamu ya Kiingereza Twisted Nerve (1968) ulijulikana na kizazi kingine kupitia Kill Bill ya Quentin Tarantino, na sehemu ya Vertigo ilitumika katika The Artist (2011). Mwaka 2005 taasisi ya filamu ya Marekani, AFI, iliuweka muziki wa Psycho katika nafasi ya 4 kwenye orodha yake ya muziki bora wa filamu za Marekani.

Opera Wuthering Heights ilionyeshwa jukwaani kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 1982 mjini Portland, jimbo la Oregon, miaka 31 baada ya kukamilika na karibu miaka 7 baada ya kifo cha mtunzi wake. Ilikuwa imepunguzwa.